Mtoto Mgongoni mwa Mtoto

Mwiki imekaa mahali ambapo kaunti mbili zinapakana, upande mmoja ukihesabiwa katika Kasarani ya Nairobi na upande wa pili katika Ruiru ya Kiambu, na abiria atokaye Githurai kwa matatu hawezi kwa macho yake kutambua wapi kaunti moja imekoma na nyingine imeanza, kwa maana nyumba za mawe zimeshikamana pande zote, ghorofa juu ya ghorofa, na vyumba vyake vimepangishwa kwa watu waliotoka kila pembe ya Kenya. Zamani za wazee ambao wangali hai, nchi hii ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, mibuni katika miinuko ya Ruiru na mikonge kuelekea Thika, na reli iliyofika Thika mwaka 1913 ilijengwa kwa tamaa ya kubeba mazao hayo. Baada ya uhuru, vyama na kampuni za kununua ardhi zilikusanya akiba za watu wa chini, zikayanunua mashamba, zikayakata viwanja. Na ilhali hesabu ya watu ya 2009 iliikuta Ruiru na watu zaidi ya laki mbili, hesabu ya 2019 iliikuta na watu wanaokaribia laki tano.

Mji uliokua kwa kasi namna hiyo hukua kwa vijana, na vijana huzaa. Kwa hiyo Mwiki ni mji wa watoto. Mwenye kutaka kujua hali ya nafsi za watoto hao, furaha yao na jitimai yao, hatakuwa mtu wa kwanza kuuliza swali hilo katika nchi ya Kiambu. Karibu karne nzima sasa wanazuoni wamekuja katika milima hii na katika nchi jirani wakiwa na madaftari, wakatazama jinsi mtoto anavyobebwa, anavyonyamazishwa, anavyoachishwa ziwa na anavyovuka ujana, na kila kizazi cha wanazuoni kiliandika pia, kwa kujua au kwa kutojua, haja ya zama zake. Katika maandishi yao yote naona uzi mmoja ambao haujapewa heshima inayoustahili: kwamba katika nchi hii moyo wa mtoto ulitunzwa kwa sehemu kubwa na mtoto mwenzake aliyemzidi miaka michache.

Miongoni mwa wa kwanza kuandika mintarafu ya malezi haya kwa utaratibu wa elimu alikuwa mwana wa nchi yenyewe. Jomo Kenyatta, mzaliwa wa Gatundu, safari isiyo ndefu kutoka Ruiru, alisoma elimu ya mila na jamii za wanadamu kwa Bronislaw Malinowski mjini London, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake *Facing Mount Kenya*, ambacho ndani yake mna mlango mzima juu ya elimu ya Mgikuyu kabla ya kuja Wazungu. Anasimulia nyimbo za kubembelezea watoto, ambazo zilikuwa na historia ya aila na ukoo ndani yake. Anasimulia michezo ambayo kwayo watoto walijifunza kazi za wakubwa. Na anaeleza jambo ambalo kwa rai yangu ni johari ya mlango ule, kwamba tabia njema haikufundishwa kama kanuni inayoelea hewani, bali ilifungamanishwa na mtu maalumu: hivi ndivyo unavyomtendea nyanya yako, hivi mdogo wako, hivi rika lako. Kitabu kile kiliandikwa ili kuitetea jamii iliyonyang'anywa ardhi, na kwa sababu hiyo kinaipamba zamani kuliko ilivyokuwa. Hata hivyo hoja hii haipungukiwi na thamani. Katika miaka ile ile Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukua miongoni mwa Wagikuyu, alikuwa akikusanya habari za wazee juu ya kila hatua ya maisha, kuzaliwa, kutahiriwa, ndoa na mauti, kazi ambayo haikuchapishwa hadi 1977, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa, katika juzuu tatu.

Kisha ikaja zama ambayo elimu nafsi ilitumiwa kuwa silaha. J. C. Carothers, daktari aliyeisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, tangu 1938 hadi 1950, aliandika kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kitabu kilichotoka 1953 juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, na aliwahi kuthubutu kuilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya Mzungu aliyekatwa mishipa ya ubongo wa mbele. Akamaliza kwa kutafuta asili ya kasoro alizodhani ameziona katika malezi ya utotoni. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilichapisha kijitabu chake kingine, juu ya nafsi za watu wa Mau Mau, ambamo kiapo cha watu waliodai ardhi kilielezwa kuwa maradhi ya watu waliopotewa na mila, na ambamo alishauri kuwa kukusanywa kwa Wagikuyu vijijini kuendelezwe. Mtu anaposoma maneno yale leo hushikwa na uchungu, si kwa sababu ya matusi yake tu, bali kwa sababu mtoto wa Kigikuyu, ambaye ndiye aliyetajwa kuwa chanzo cha yote, hakuangaliwa hata kidogo, alisingiziwa, akaachwa.

Na hali ya mtoto yule katika miaka ile ilistahili kuangaliwa. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia katikati ya 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka maboma yao yaliyotawanyika milimani, wakasongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba. Baba aghalabu alikuwa kizuizini au msituni. Mama alitolewa alfajiri kwenda kuchimba handaki au kujenga barabara bila ujira, akarudi jua linapotua na amri ya kutotoka nje inapoanza. Aliyebaki na mtoto mchanga mchana kutwa alikuwa nyanya asiyejiweza, au dada wa miaka saba au minane. Haikuandikwa ripoti ya elimu nafsi juu ya madada hao. Wavulana waliokamatwa walipata bahati ya kuandikwa, kwa kuwa serikali iliwaogopa: kwa ajili yao ilifunguliwa mwaka 1955 kambi ya Wamumu, karibu na Embu, ambako Geoffrey Griffin aliwaongoza kwa michezo, masomo na ufundi badala ya mjeledi, na kutokana na maarifa hayo yeye pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakaanzisha shule ya Starehe mjini Nairobi mwaka 1959. Ni jambo la kukumbukwa kwamba hata Wamumu wavulana wakubwa walipewa madaraka juu ya wadogo. Nidhamu ya Starehe hata baadaye iliegemea viranja wake. Wasichana hawakujengewa Wamumu yao, na historia yetu haijaulipa upungufu huo.

Wakati Carothers akiandika kijitabu chake, mwanamke mmoja aliyelelewa Kanada alikuwa akizunguka vijiji vya kando ya Kampala na mkalimani wake, akifanya kazi ya namna nyingine kabisa. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akapata nafasi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii ya Makerere, na kwa miezi kadhaa aliwatembelea nyumbani watoto wachanga 28 wa aila 26, kila baada ya majuma mawili, saa mbili kila mara, akinywa chai ya wenyeji na kuandika nani alilia, nani alimfuata nani, nani alitulia mikononi mwa nani. Alikuwa amefanya kazi London na John Bowlby, ambaye ripoti yake ya 1951 kwa lile Shirika la Afya Duniani ilisema kwamba mtoto anayenyimwa mapenzi ya mama hudhurika nafsi yake. Katika vijiji vile Ainsworth aliona kwa macho kwamba mtoto humfanya mama yake kuwa ngome, akitambaa kutoka kwake kwenda kuuchungua ulimwengu na kumrudia anapoingiwa na hofu. Na kitabu chake cha 1967 juu ya utoto mchanga nchini Uganda ni msingi wa elimu ambayo leo inasomeshwa ulimwenguni kote. Wanafunzi wengi wa Ulaya na Marekani huisoma bila kuambiwa kwamba walimu wa kwanza wa elimu ile walikuwa akina mama wa Buganda.

Lakini swali la Bowlby lilikuwa swali la mama na mtoto wawili tu, kana kwamba chumba hakina mtu wa tatu, na katika nyanda za juu za Kenya chumba hakikukosa mtu wa tatu. Haya ndiyo yaliyodhihirika Ngecha, kijiji cha Kiambu kilicho kama maili ishirini kutoka Nairobi, ambako kuanzia 1968 hadi 1973 Beatrice Whiting, pamoja na mumewe John na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwachunguza watoto na mama zao chini ya kitengo cha uchunguzi wa makuzi ya mtoto kilichoanzishwa kwa fedha za wakfu wa Carnegie. Njia yao ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya: kufika nyumbani bila ya miadi, na papo hapo kuandika mtoto yuko wapi, yuko na nani, anafanya nini na ametumwa na nani, kisha kurudi tena na tena, hata siku za familia zikafahamika kwa ushahidi na si kwa masimulizi ya wenyewe. Wazazi wa Ngecha walikuwa kizazi kilichopita katika Hali ya Hatari. Baba wengi walifanya kazi mjini, na mama ndiye aliyelima, aliyeteka maji, aliyechanja kuni na kuuza mboga. Asingaliweza lolote katika hayo lau asingalikuwa na binti au mwana wa miaka sita, saba au minane wa kumfunga mdogo wake mgongoni, kumbembeleza, kumlisha uji na kumpeleka kwa mama shambani wakati wa kunyonya.

Waliyoyaona akina Whiting Ngecha yalikubaliana na yale waliyokwisha kuyaona wao na wenzao katika uchunguzi wa jamii sita uliofanywa miaka ya 1950, ambamo kijiji cha Nyansongo katika nchi ya Wagusii kilikuwa kimojawapo: kwamba mtoto anayekabidhiwa mtoto hubadilika tabia. Hujifunza kusoma kilio, kutofautisha njaa na usingizi na maumivu, kuacha mchezo wake kwa ajili ya haja ya mwingine. Na huruma hiyo haibaki kwa mdogo wake peke yake, bali huwafikia wenziwe pia. Carol Ember, akichunguza wavulana wa Kijaluo huko Oyugis, alipata ithibati kwamba hata wavulana waliopewa kazi za nyumbani, kwa sababu hapakuwa na dada wa umri ule, walikuwa wapole na wasaidizi kuliko wenzao. Haya ni matokeo makubwa kuliko yanavyosikika. Yanasema kwamba ulezi ule haukuwa mzigo uliotwishwa mtoto kwa umaskini pekee. Ulikuwa pia chuo cha moyo, na aliyebeba alipata faida pamoja na aliyebebwa.

Nasema haya nikijua kwamba mizani ina pande mbili. Mlezi wa miaka saba huchoka, hukasirika, humwangusha mtoto, hulala yeye mwenyewe. Na akina mama wa Ngecha walilijua hilo, ndiyo maana hawakwenda mbali. Wanazuoni waliokuja baada yao walitia nuru zaidi. Herbert na Gloria Leiderman, walioandika miaka ya 1970 juu ya watoto wachanga wa Kigikuyu, walionyesha kwamba mtoto mwenye walezi wengi hufungamana na mama yake na mlezi wake pia, wala mapenzi ya mmoja hayamnyimi mwingine. Robert LeVine na wenzake, waliorudi kwa Wagusii katikati ya miaka hiyo, waliona mama anayemwitikia mwanawe upesi kwa kumshika na kumnyonyesha, ingawa hazungumzi naye sana kama afanyavyo mama wa Boston, na wakajifunza kutoita baridi kile ambacho kilikuwa utulivu. Thomas Weisner, aliyefanya kazi miongoni mwa Waluhya, alipitia pamoja na Ronald Gallimore habari za jamii 186 za ulimwengu, na katika makala yao ya 1977 wakaonyesha kwamba jamii ambazo mtoto mchanga huachiwa mama peke yake au karibu peke yake zilikuwa chini ya nusu.

Kitu kilichouvunja utaratibu huu wa mtoto kumlea mtoto hakikuwa kibaya. Kilikuwa shule. Ngecha yenyewe, katika miaka ile ile ya uchunguzi, mama mmoja baada ya mwingine alimpeleka mlezi wake darasani, akabaki na mtoto mgongoni na jembe mkononi. Na elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 ilikamilisha kazi ambayo uhuru uliianza. Hakuna mtu mwenye insafu atakayetaka kumrudisha binti wa miaka minane nyumbani ili abebe mtoto. Lakini yatazame matokeo yake katika ploti za Mwiki: mama anapanda matatu kabla ya mapambazuko kwenda kufua nguo za watu, kushona kiwandani au kuuza mitumba, nyanya yuko Murang'a, Kitui au Siaya, dada yuko shuleni hadi jioni, na mchanga anapelekwa kwa mwanamke anayelea watoto kwa malipo ya siku, chumba kimoja, watoto wengi. Yule mtu wa tatu aliyekuwamo chumbani Ngecha ameondoka, na nafasi yake imechukuliwa na mtu anayelipwa kwa siku, ambaye siku mama akikosa fedha naye hukosekana.

Ujana nao ulipoteza mlezi wake. Zamani rika lilimpokea kijana wakati nafsi yake ilipochafuka, wakubwa kwa miaka michache wakawa washauri na waonyaji wa wadogo, kwa ukali mara nyingine, lakini bila kumwacha mtu peke yake. Shule ya bweni iliahidi kuirithi kazi hiyo, na mara nyingi haikuweza. Jopo la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilitoa ripoti mwaka 2020 likitaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Na uchunguzi wa kitaifa juu ya vijana wa miaka 10 hadi 17 ukaonyesha kwamba zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Madaktari wa nafsi katika nchi nzima hawawezi kuwafikia vijana hao wote, hata wangaliacha kulala.

Hapo ndipo historia hii inaporejea jirani na Mwiki. Ng'ambo ya pili ya barabara ya Thika, Kahawa, kilikuwapo kituo cha askari wa Kiingereza, ambacho mwaka 1965 kilikabidhiwa Kenya kikawa chuo cha walimu, na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwanasaikolojia wa chuo hicho, Christine Wasanga, ni miongoni mwa walioandika pamoja na Tom Osborn, kijana wa Kenya aliyesoma shule ya Alliance, hapo hapo Kiambu, kisha Harvard, juu ya jaribio liitwalo Shamiri. Mwezi Juni 2019 walikusanywa wanafunzi 413 wa shule nne za sekondari za Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi uliozidi. Kwa kura, baadhi yao wakafundishwa mbinu za kusoma, na wengine wakakutana katika vikundi, mara moja kwa juma kwa majuma manne, wakazungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo wanayoyathamini maishani. Hawakuzungumzishwa na madaktari. Walizungumzishwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni tu, wa umri wa kama miaka 17 hadi 21, waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba waliokaa katika vikundi vile walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao, na baada ya miezi saba tofauti ile ilikuwa haijafutika.

Wenyewe hueleza uteuzi wa vijana hao kwa hoja za gharama na upungufu wa wataalamu, na hoja hizo ni sahihi. Mimi naona pia kitu ambacho akina Whiting wangalikitambua mara moja: mkubwa wa miaka michache ameitwa tena kumshika mdogo wake, safari hii katika darasa, saa za masomo zikiwa zimekwisha. Tofauti moja isisahauliwe na wale watakaotaka kuieneza kazi hii katika shule za Ruiru na Thika. Mlezi mdogo wa Ngecha hakuachiwa mtoto na ulimwengu ukaenda zake. Mama alikuwa shambani mahali pa kusikia kilio, na kilio kilipozidi, jembe lilitupwa chini. Vijana wa Shamiri nao husimamiwa, na mwanafunzi aliye katika hatari hupelekwa kwa mtaalamu. Usimamizi huo ndio wenye gharama, na serikali za kaunti hazina budi kuulipia kwanza kabla ya kuhesabu idadi ya vijana watakaofundishwa.